Kuvuka Mpaka wa Busia: Hati, Pesa na Njia ya Ziwani

Kila siku watu wa Bulumbi, Tororo na vijiji vya Wasamia vya upande wa Uganda huvuka kwenda Kenya. Huyu anawahi gulio, yule anamfuata mgonjwa, mwingine ana matanga kwa wajomba zake. Mpaka uligawa nchi, haukugawa koo. Hata hivyo wapo wanaoliogopa dirisha la uhamiaji, wakapita njia za panya kwa kudhani ndizo nafuu. Mwenye hati zake hana sababu ya kujificha, na raia wa Uganda au Kenya halipii viza. Tuzifuate hatua moja baada ya nyingine.

Nibebe hati gani?

Ukiwa raia wa Uganda, Kenya au Rwanda, kitambulisho cha taifa kinakutosha. Nchi hizi tatu zilianza kukitambua kama hati ya kusafiria Januari 2014. Beba kadi yenyewe, si nakala wala picha iliyo kwenye simu. Safari ikikupeleka hadi Tanzania, kitambulisho hakitoshi; utahitaji pasipoti au hati ya muda ya kusafiria, na ni vizuri kuishughulikia kabla hujaondoka nyumbani.

Mtoto naye ana hati zake. Chukua cheti chake cha kuzaliwa, na uulize ofisi ya uhamiaji mapema kuhusu hati ya kumvusha. Akisafiri na shangazi au jirani, wazazi waandike barua ya ruhusa na kuambatanisha nakala za vitambulisho vyao. Maafisa huuliza maswali mengi hapa kwa sababu ya biashara haramu ya watoto, kwa hiyo usikasirike ukiulizwa.

Kisha kuna kadi ya manjano, yaani cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Chanjo huanza kutambulika siku 10 baada ya kuchomwa, basi usiisubirie siku ya safari. Tangu Julai 2016 sindano moja inahesabiwa kuwa ya maisha yote, hata kama kadi yako ya zamani imeandikwa miaka 10. Usinunue kadi bila kuchanjwa: utakuwa umelipia karatasi, na ugonjwa bado unaweza kukupata.

Nikifika Busia naanzia wapi?

Busia ina kituo cha pamoja cha mpakani, kilichozinduliwa na marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni tarehe 24 Februari 2018. Maana yake ni kwamba husimami mara mbili katika nchi mbili. Ukitoka Uganda, unapita moja kwa moja hadi jengo la upande wa Kenya. Ndani utawakuta maafisa wa nchi zote mbili: anza na dirisha la Uganda ili uandikwe kuwa umetoka, kisha sogea dirisha la Kenya uandikwe kuwa umeingia. Ukirudi, shughuli hiyo hufanyika katika jengo la upande wa Uganda.

Kabla hujaondoka dirishani, hakikisha umegongewa muhuri au umepewa hati yako ya kuingilia, na usome tarehe zilizoandikwa. Chini ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, raia wa nchi nyingine mwanachama anaweza kuruhusiwa kukaa hadi miezi sita. Kufanya kazi kunahitaji kibali kingine.

Ukisafiri kwa basi, abiria wote hushuka na kupita kwa miguu. Shika namba ya gari lako, beba pochi na hati mkononi, na ukimaliza urudi haraka pale dereva alipowaelekeza.

Itanigharimu kiasi gani?

Raia wa Uganda au Kenya halipii viza. Mgeni wa kutoka nje ya Jumuiya ya Afrika Mashariki aulize kabla ya safari kama anahitaji kuomba ruhusa mtandaoni. Akitaka kutembelea Kenya, Uganda na Rwanda kwa pamoja, kuna viza ya utalii ya dola 100 inayodumu siku 90. Ukidaiwa malipo yoyote, omba risiti. Asiyeweza kukupa risiti hana haki ya kukudai.

Nauli ya boda boda au matatu mpatane kabla ya kupanda. Kubadilisha pesa, nenda benki au duka la fedha lenye bei ukutani, usimfuate kijana wa barabarani mwenye bunda mkononi. Shilingi moja ya Kenya imekuwa ikibadilishwa kwa shilingi 25 hadi 30 hivi za Uganda miaka ya karibuni. Piga hesabu mwenyewe kwanza: bei ikiwa 28, shilingi 1,000 za Kenya ni 28,000 za Uganda. Hesabu noti zako ukiwa bado dirishani.

Nikiwa na mzigo wa biashara?

Mchuuzi mdogo ana utaratibu wake rahisi. Bidhaa zilizozalishwa ndani ya Afrika Mashariki, zilizo katika orodha iliyokubaliwa na zenye thamani isiyozidi dola 2,000, hazitozwi ushuru wa forodha. Mwombe afisa wa forodha cheti chepesi cha asili ya bidhaa, yaani karatasi inayothibitisha mzigo umetoka nchi gani. Kodi nyingine bado zinaweza kuwepo, kwa hiyo uliza kabla ya kununua mzigo.

Nafaka, mbegu na miche huhitaji cheti cha afya ya mimea. Mahindi hupimwa sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu wa nafaka iliyohifadhiwa ikiwa na unyevu. Machi 2021 Kenya ilisimamisha kwa muda mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu hiyo. Kausha vizuri, na usimwage mahindi juu ya udongo mtupu.

Vitu vyako usivifunge katika kaveera. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea tangu 28 Agosti 2017, na adhabu yake ni faini inayoweza kufika shilingi milioni 4 za Kenya, au kifungo. Tumia kikapu au mfuko wa kitambaa.

Na anayepita ziwani?

Kutoka Majanji, upande wa Uganda, mitumbwi ya injini huwapeleka watu ng'ambo ya Kenya, Sio Port na Port Victoria. Maji hayafuti mpaka. Kabla ya kulipa nauli, uliza ofisi ya wasimamizi wa ufuo kama kuna afisa wa uhamiaji pale unapopandia na pale unaposhukia. Kama hayupo, pitia Busia.

Safiri ziwa likiwa tulivu. Vaa jaketi la kuokolea maisha na ufunge mikanda yake yote kabla mtumbwi haujasukumwa. Jaketi lililokaliwa kama mto wa kiti halikusaidii. Ukiona maji yanakaribia ukingo kwa sababu ya watu na magunia, shuka. Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Tanzania, kikiwa kimejaza kupita kiasi, na watu zaidi ya 200 wakafa hatua chache kutoka gatini. Ukishuka, nauli uliyopoteza utaitafuta tena.

Njia ya panya inaonekana fupi mpaka siku unapokamatwa, unapoibiwa au unapougua ugenini bila hati ya kuonyesha uliingiaje. Basi andaa kitambulisho na kadi ya manjano leo, viweke pamoja mahali pakavu, na umweleze jirani yako ambaye bado analiogopa dirisha.