Kumpima Mtoto Bila Kumhukumu: Somo la Upimaji wa Kisaikolojia kwa Mfano wa Kinole

Utangulizi

Kinole ni kata iliyo katika miteremko ya Milima ya Uluguru, wilayani Morogoro, na inafahamika kwa ndizi, matunda na viungo vinavyoteremshwa kwenda sokoni. Mtoto anayekulia huko hujifunza mapema kupita njia zenye utelezi, kutambua tunda lililokomaa na kurudisha chenji bila kukosea. Hata hivyo, mtoto huyo huyo anaweza kufika darasa la tatu akiwa hawezi kusoma sentensi moja. Hapo mwalimu hujiuliza: tatizo liko katika akili yake, katika masikio yake, katika ufundishaji, au katika ugonjwa aliowahi kuugua?

Jibu likikosewa, mtoto hulipa gharama yake kwa miaka mingi. Akiitwa mzito ilhali hasikii vizuri, atakosa matibabu. Akiitwa mvivu ilhali ubongo wake ulidhuriwa na malaria, ataadhibiwa kwa kosa lisilo lake. Makala haya yanawaeleza walimu, wahudumu wa afya na wazazi namna vipimo vya kisaikolojia vinavyofanya kazi na masharti ya kuyaamini majibu yake. Tutatumia mfano wa kubuni wa msichana wa miaka 9, mwanafunzi wa darasa la tatu, anayelelewa na bibi yake mzaa mama.

Kipimo hupima nini?

Mwaka 1905, Alfred Binet na Théodore Simon walitoa jijini Paris kipimo cha kuwatambua watoto waliohitaji msaada wa pekee shuleni. Tangu mwanzo, basi, swali halikuwa "mtoto huyu ana thamani gani?" bali "mtoto huyu asaidiweje?"

Upimaji wa kisaikolojia humpa mtoto kazi zilizopangwa, kwa maelekezo yaleyale na kwa utaratibu uleule, kisha hulinganisha utendaji wake na ule wa watoto wa rika lake. Upimaji wa nyurosaikolojia huenda mbali zaidi: hutenganisha kazi mbalimbali za ubongo, kama vile umakini, kumbukumbu, lugha, utambuzi wa maumbo, kasi ya kufikiri na uwezo wa kupanga na kujizuia. Mtoto anaweza kuwa dhaifu katika moja na imara katika nyingine.

Katika vipimo vingi vya akili, wastani wa rika huwekwa kuwa 100, na takriban watoto 2 katika kila 100 hupata chini ya 70. Lakini alama ya chini peke yake haitoshi kumtangaza mtoto kuwa na ulemavu wa akili. Ni lazima pia aonekane kushindwa katika maisha ya kila siku: kujihudumia, kuwasiliana, kutumwa na kushirikiana na wenzake kama rika lake linavyotarajiwa. Mtoto anayeuza machungwa barabarani na kurudisha chenji sahihi ametupa ushahidi ambao karatasi ya mtihani haiuoni.

Kabla ya kufungua sanduku la vipimo

Hatua ya kwanza ni kuchunguza macho na masikio. Mtoto asiyeona ubao au mwenye usaha wa muda mrefu sikioni atashindwa kazi nyingi hata kama akili yake ni timamu. Hatua ya pili ni historia: uzazi ulikuwaje, alilia mara tu alipozaliwa, alitembea na kusema lini, aliwahi kupata degedege au kupoteza fahamu? Ulizeni pia kama hutulia ghafla na kukodoa macho kwa sekunde chache bila kuitika, kwani aina fulani ya kifafa huonekana hivyo na mara nyingi hudhaniwa kuwa utoro wa mawazo. Tatu, hakikisheni kuwa mtoto amekula na amelala vya kutosha.

Nani aulizwe? Fomu nyingi zina nafasi ya baba na mama tu. Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na mara nyingi bibi au mjomba ana sauti kubwa katika malezi. Kwa msichana wetu, bibi ndiye aliyeeleza kwamba akiwa na miaka 4 aliugua malaria kali, akapata degedege na kulala bila fahamu kwa siku mbili. Mwalimu hakuwa na habari hiyo.

Mtego wa kipimo kigeni

Mwanasaikolojia Robert Serpell aliwalinganisha watoto wa Zambia na wa Uingereza katika utafiti uliochapishwa mwaka 1979. Walipotakiwa kunakili maumbo kwa kalamu na karatasi, watoto wa Uingereza walifanya vizuri zaidi. Walipotakiwa kuyaunda kwa waya, watoto wa Zambia, waliozoea kutengeneza vigari vya waya, waliwashinda. Kwa udongo wa kufinyanga hawakutofautiana. Basi anayepima kwa karatasi peke yake huenda anapima mazoea ya karatasi.

Hapa nchini, Robert Sternberg, Elena Grigorenko na wenzao, wakiwamo watafiti wa Kitanzania, walifanya kazi na watoto wa shule katika eneo la Bagamoyo na kuchapisha matokeo mwaka 2002. Waliwapima watoto, wakawafundisha kwa muda mfupi mbinu za kutatua maswali ya aina ile, kisha wakawapima tena. Alama zilipanda, na alama za kwanza zilihusiana kidogo tu na zile za baada ya kufundishwa. Maana yake ni kwamba kipimo cha mara moja kinaweza kuficha uwezo wa kujifunza, ambao ndio shule inauhitaji.

Ndiyo maana wataalamu wa Kilifi, nchini Kenya, walibuni kipimo chao cha maendeleo ya watoto wadogo kinachoendana na mazingira ya huko. Kutafsiri maneno peke yake hakutoshi. Picha, vifaa na mifano lazima viwe vya mahali. Aidha, mtoto aliyeanza kusema kwa Kiluguru aruhusiwe kujibu kwa lugha anayoimudu.

Malaria na ubongo

Historia aliyoitoa bibi ina uzito. Katika utafiti uliofanyika Kampala na kuchapishwa mwaka 2008, takriban mtoto mmoja kati ya wanne waliopona malaria ya ubongo alikuwa na upungufu wa utambuzi miaka miwili baadaye. Watoto hao hutembea, hucheza na huonekana wamepona. Upungufu hujitokeza shuleni, pale umakini na kumbukumbu vinapodaiwa kila saa.

Kuyasoma majibu

Msichana wetu anaona na anasikia vizuri. Katika mafumbo ya maumbo, baada ya kuonyeshwa mifano, alifikia wastani wa rika lake. Lakini alishindwa kurudia tarakimu zaidi ya tatu, na umakini wake ulikatika baada ya dakika chache. Bibi alithibitisha: akitumwa kitu kimoja hukileta, akitumwa vitatu huleta kimoja.

Huu si ulemavu wa akili. Ni udhaifu wa kumbukumbu na umakini, na una njia za kusaidiwa: akae mbele, apewe agizo moja kwa wakati, alirudie kwa sauti kabla ya kulitekeleza, kazi ndefu ikatwe vipande, na asome kwa vipindi vifupi. Apimwe tena baada ya mwaka mmoja. Kama kuna dalili za kifafa, apelekwe hospitali bila kuchelewa.

Majibu yaelezwe kwa staha na kwa lugha nyepesi: "Shikamoo bibi. Mjukuu wako si mvivu, wala hajarogwa. Ule ugonjwa ulimwachia udhaifu wa kushika mambo mengi kwa pamoja. Akili ya kujifunza anayo, nasi tutakuonyesha namna ya kumsaidia." Namba isitajwe mbele ya darasa, wala isiandikwe mahali ambapo kila mtu ataisoma. Vipimo rasmi vifanywe na mtaalamu aliyefunzwa. Mwalimu na mhudumu wa zahanati wana kazi ya kutambua dalili, kuandika walichokiona na kutoa rufaa kupitia hospitali au ofisa elimu maalumu wa halmashauri.

Hitimisho

Kipimo kizuri huisha kwa mpango wa msaada. Kikiisha kwa jina la kumbandika mtoto, hakijatimiza kazi yake, hata kama hesabu zake zote ni sahihi.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika shule yenu, ni watoto wangapi wanaoitwa wazito ambao macho na masikio yao hayajawahi kuchunguzwa?
2. Ni kazi zipi za nyumbani na shambani zinazoweza kutuonyesha kumbukumbu na mpangilio wa mtoto?
3. Katika familia za eneo lenu, nani anayeijua zaidi historia ya mtoto, na je, huwa mnamuuliza?