Mtupo Mmoja wa Dadu

Kila apitaye Hima, katika barabara ya Kasese kwenda Fort Portal, aweza kuwaona watu wakicheza ludo kivulini, na kusikia makelele yao kete inapoliwa. Aliyeliwa husema, "Dadu zimerogwa!" Mimi nataka kulitazama jambo hili kwa hesabu.

Sisi twacheza kwa dadu mbili. Kila dadu ina pande 6, basi ziko njia 36 za kuanguka, zote sawasawa. Tuseme kete yako imekwisha kwenda hatua 45, inakaribia nyumbani, ikaliwa. Wastani wa dadu mbili ni 7, kwa hiyo umepoteza kazi ya mitupo zaidi ya 6. Tena hutoki mpaka upate 6, nazo ni njia 11 tu katika 36, yaani kungoja mitupo 3 na zaidi kwa wastani. Mwenzako ametupa mara moja; wewe wadaiwa 9 au 10! Hapo ndipo mchezo unapopinduka, wala si uchawi.

Je, yawezekana kujikinga? Kidogo. Ukisimama hatua 6 mbele ya adui, ataila kete yako kwa njia 16: zile 11 zenye 6, na 5 za jumla, kama 2 na 4. Ukisogea mbele hatua moja tu, ukawa mbali naye kwa 7, zabaki njia 6. Wengi hawalijui hili, nao humwita mwenye kulijua mtu wa bahati.

Mwaka 1654 Wafaransa wawili, Pascal na Fermat, waliandikiana barua juu ya mambo ya namna hii. Swali moja lilikuwa: mtu akitupa dadu mbili mara 24, yafaa aweke dau kwamba 6 mbili zitatokea? Haifai, ingawa apungukiwa kidogo sana; kwa mara 25 yafaa.

Lakini hesabu hiyo ni ya kabla ya kuanza kutupa. Likizo iliyopita nalimwona jirani yetu ameweka dau mshahara wa juma zima, naye alihitaji 6 mbili. "Zimechelewa tangu asubuhi," akasema, "sasa lazima zije." Dadu hazikumbuki asubuhi. Alipozitupa, njia yake ilikuwa 1 katika 36, kama ile ya mtupo wa kwanza. Zikaanguka 6 na 5.