Mulineti ya Dola Kumi na Tano: Mafunzo Niliyopata Mtoni Oso

Hapa Mubi, mashariki mwa Kongo, tunakula samaki wa mbali. Tangu kasiterite (madini ya bati) ya mgodi wa Bisie ianze kuchimbwa mwaka 2002, mji umelishwa na mizigo: makayabu (samaki wa chumvi), sambaza wakavu wa Ziwa Kivu, makopo. Vingine vilishuka na ndege ndogo zilizokuwa zikitua juu ya barabara ya lami pale Kilambo, vingine vinafungwa nyuma ya pikipiki. Kila mkono unaopokea mzigo unaongeza bei yake. Na huku Oso inapita, inakwenda kujiunga na Lowa, na Lowa inashuka hadi Lualaba, na ndani ya maji hayo kambare wamo.

Mimi ni mwalimu. Nimevua kwa mshipi wa mkono tangu utoto, kisha nikanunua mulineti, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi ambacho wengine huita rili. Nimekwisha kununua nne, zote za bei ndogo. Ningependa anayeweka akiba kwa ajili ya mulineti yake ya kwanza asome haya kabla ya kutoa pesa.

1. Usinunue hesabu ya beringi.

Ile ya kwanza nilinunua dola 15. Muuzaji aliligeuza boksi nione maandishi. “Mwalimu, angalia: beringi kumi na tatu! Ile ingine iko na tatu tu.” Nikaamini kwamba kumi na tatu ni zaidi ya tatu. Lakini fikiria: mtu anayeuza chombo kizima kwa dola 15 ameweka beringi za chuma gani? Baada ya msimu mmoja wa mvua zilishika kutu, na mkono wa mulineti ukawa unazunguka kana kwamba kuna mchanga ndani. Beringi tatu au nne zilizotengenezwa vizuri zinatosha kabisa kwa mito yetu. Dukani, weka mulineti karibu na sikio na uzungushe mkono polepole sana, maana ukizungusha kwa kasi kila mulineti ni laini. Kisha tikisa mkono juu na chini. Mkono huo ukicheza sana ukiwa mpya, baada ya miezi sita utakuwa umelegea zaidi.

2. Breki ndiyo mulineti yenyewe.

Funzo hili lilinigharimu samaki. Ilikuwa jioni ya mwezi wa 11, mvua imekata, maji yamekuwa ya rangi ya chai ya maziwa. Nilitupa ndoano yenye nyungunyungu watatu chini ya mti ulioangukia mtoni. Mshipi ukakaza taratibu, ukaenda upande bila kurukaruka, kama anavyofanya kambare. Nikavuta. Akageuka kuelekea katikati ya mto, na hapo ndipo breki ilipotakiwa kuachia mshipi kidogo kidogo huku ikimchosha. Haikuachia. Ilishika, ikaruka ghafla karibu mita nzima, ikashika tena. Mshtuko wa pili ulikata mshipi juu ya fundo kwa mlio wa kijiti kikavu. Nyumbani lituma ya ndizi ilikuwa imekwisha kupondwa. Tulikula na sombe, majani ya muhogo.

Kesho yake niliipeleka mulineti kwa fundi wa pikipiki. Alifuta meza kwa kitambaa, akafungua kifundo cha mbele, akachokoa waya mwembamba kwa ncha ya kisu, washa zikatoka: mbili za chuma na moja ya kitambaa kigumu. Ile ya kitambaa ilikuwa imekauka kama kipande cha boksi, ukingo mmoja umechanika. “Mwalimu, hii ndiyo imekukatia samaki,” aliniambia. Akachukua mkanda wa zamani wa suruali, akaweka washa juu yake kama kipimo, akakata duara la ngozi, akalichonga upande wa ndani mpaka likawa jembamba, akalilaza ndani ya grisi usiku kucha. Tulipolitia ndani, breki iliachia mshipi bila kusita. Baadaye nilijifunza kwamba ngozi ilikuwa ikitumika katika breki za mulineti za zamani, kwa hiyo fundi wangu alirudi kwenye njia iliyokwisha kujaribiwa na wengi.

Basi dukani jaribu hivi: legeza breki karibu yote, vuta mshipi kwa mkono polepole. Utoke kwa mwendo mmoja. Kaza robo mzunguko, vuta tena, kaza, vuta. Nguvu iongezeke kwa ngazi. Ikiwa mulineti inatoka kwenye ulegevu hadi kufunga kabisa ndani ya mzunguko mmoja, irudishe kwenye boksi hata kama rangi yake inang'aa.

3. Chupa ya maji ni mizani.

Wafanyabiashara wa kasiterite wana mizani mji mzima, lakini huna haja ya kuazima. Mshipi wa naironi wenye unene wa milimita 0.30 kwa kawaida hukatika kwenye kilo 6 hivi au 7, na fundo huupunguzia nguvu. Breki iachie mapema, kwenye robo hadi theluthi ya uzito huo. Chupa ya lita moja na nusu ikijaa maji ni kilo moja na nusu. Ifunge kwenye mshipi, shika mulineti, inua. Ukiinua polepole, chupa ipande. Ukiivuta kwa ghafla, bobini, pale mshipi unapokunjwa, iteleze. Ninafanya hivyo kila ninapobadilisha mshipi, na watoto wa darasa la sita wamekwisha kujua kwa nini ninabeba chupa.

4. Tazama kigurudumu cha pembeni ya utambo.

Ule waya uliopinda kama utambo wa ndoo, unaofunguliwa kabla ya kutupa, una kigurudumu kidogo mwishoni mwake ambamo mshipi hupita. Kwenye mulineti yangu ya pili kilikuwa hakizunguki. Mshipi ulikisugua siku baada ya siku mpaka ukachora mfereji mwembamba, na mfereji ule ukaanza kuukwangua mshipi wenyewe. Gusa kwa ukucha kabla ya kununua: kizunguke. Na ukishatupa, funga utambo kwa mkono badala ya kuzungusha mkono wa mulineti ili ujifunge wenyewe. Mshipi hautajisokota sana, na utambo utadumu.

5. Grisi ya pikipiki isiende kila mahali.

Nilikuwa nimefurahi kuweza kuifungua mulineti mwenyewe, nikapaka grisi nzito ndani yote. Safari iliyofuata mkono ulirudi nyuma kwa nguvu nilipokuwa na samaki, ukanipiga vidole. Shingoni mwa mulineti kuna viroli vidogo ambavyo kazi yao ni kujibana mara tu mkono unapotaka kurudi nyuma. Grisi nzito huvigandisha, havijibani. Tuliviosha kwa petroli, tukaviacha vikauke, tukaweka tone moja la mafuta ya cherehani. Grisi nzito ni ya meno makubwa tu.

6. Nunua inayoweza kufunguliwa hapa Mubi.

Hili ndilo ninaloliamini kuliko yote. Ikiharibika, dukani hawaichukui tena, na kipuri cha kuagiza Goma au Kisangani kinaweza kuwa ghali kuliko mulineti. Kwa hiyo kabla ya bei, natazama skrubu. Je, ni za kawaida, ambazo bisibisi ya fundi wa redio inazifikia, au ubavu umegandishwa kwa gundi?

Mulineti yenye bobini isiyozunguka, kama hizi zetu, ilizaliwa katika mawazo ya mwenye kiwanda. Alfred Illingworth, Mwingereza wa viwanda vya nguo huko Bradford, aliisajili mwaka 1905 baada ya kutazama jinsi uzi unavyotoka kupitia ncha ya bobini bila bobini yenyewe kuzunguka. Mshonaji yeyote wa soko letu ataielewa. Na huko Ufaransa, mulineti za Mitchell zilizosambaa baada ya Vita vya Pili vya Dunia zilitoka Cluses, mji wa watengenezaji saa, kwa Carpano & Pons. Jirani yangu mzee anayo moja aliyoachiwa na baba yake. Ni nzito, rangi yote imekwisha, lakini ubavu wake unafunguka kwa skrubu, meno yanaonekana, fundi anayafikia. Bado inavua.

Leo dola 25 hadi 35 zinakupa mulineti ya ngazi ya chini ya kampuni inayojulikana, yenye bobini ya alumini. Soma jina herufi kwa herufi, maana za kuiga ni nyingi. Kwa ukubwa, namba 3000 au 4000 inatosha Oso na Lowa; vijito vya porini, 2500. Namba hizo hutofautiana kati ya kampuni, kwa hiyo pima kwa mkono wako pia.

7. Bakiza pesa ya mshipi.

Mulineti ya tatu nilinunua vizuri, kisha nikaijaza mshipi wa bei ya chini uliokaa juani mbele ya duka. Ulikatika kwa kuvutwa tu na mikono. Nunua uliokaa kivulini, ujaze bobini mpaka ibaki milimita mbili au tatu chini ya ukingo. Ukijaza kupita hapo, mizunguko inaruka yote kwa pamoja na utatumia jioni nzima kufungua mafundo.

Yangu ya sasa nikitoka mtoni naifuta kwa kitambaa chenye unyevu, kisha nalegeza breki ili ngozi ndani isibanwe usiku kucha. Naitundika kwenye msumari juu ya mlango. Washa iliyomo ni ya pili kutoka kwenye mkanda uleule, na ngozi ya kutosha washa nyingine mbili bado imebaki kwa fundi.