Kichekesho Kisiimeze Hadithi

SWALI: Nachora mfululizo wa katuni hapa Chechelesi, Isiolo. Rafiki zangu huvunjika mbavu ngamia anapodandia bodaboda ghafla, lakini hawakumbuki msichana wangu alikuwa akitafuta nini. Nifanyeje?

JIBU: Usimfute ngamia, mpe kazi. Kama msichana anamfuatia mwizi wa mbuzi, bodaboda aliyoidandia ngamia iwe ile ile ambayo msichana alitaka kuikodi. Hapo msomaji atacheka huku akihofia mwizi atatoroka.

Katika jarida la katuni la Shujaaz, lililoanza kusambazwa Kenya mwaka 2010, kijana Boyie anaendesha redio ya siri kutoka chumbani kwake. Utani umejaa, ila hofu ya siri kufichuka ndiyo inayomvuta msomaji hadi toleo lijalo. Katuni ya Juha Kalulu ya Edward Gitau katika gazeti la Taifa Leo ilikuwa na visanduku vichache tu, kwa hiyo kichekesho chenyewe kilitosha. Lakini wewe umechagua mfululizo, na hapo kichekesho pekee hakitoshi.

Kabla ya kuchora, andika sentensi moja: msichana anataka nini, na nani anamzuia? Kisha kagua kila ukurasa. Kichekesho kisichobadili lolote kisogeze kwenye mandharinyuma ya picha, au kitunzie hadithi nyingine.