SOMO LA SOKO: Maksai wa Ufipa hununuliwa Juni, si Oktoba

Mfanyabiashara anayetoka Mbeya au Tunduma na kuingia Sumbawanga kutafuta ng'ombe huwa na swali moja: bei ya mnadani ni shilingi ngapi? Swali hilo halitoshi. Katika nyanda za Ufipa ng'ombe ana bei mbili, ya nyama na ya kazi, na bei hizo hazipandi wala kushuka mwezi mmoja. Wengi wanaopata hasara huko hawakudhulumiwa na dalali. Walinunua kwa kalenda ya mchinjaji mali waliyokusudia kuiuza kwa mkulima.

Kwanza tuangalie majira. Ufipa ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili. Baada ya hapo ni ukame, na kwa kuwa Sumbawanga iko juu karibu mita 1,800, Juni na Julai ni miezi ya baridi kali. Nyasi za huko hukua haraka wakati wa mvua, kisha hukomaa zikawa ngumu na kupoteza lishe. Ng'ombe aliyenenepa Mei anaweza kuwa na mbavu za kuhesabika ifikapo Oktoba. Ndiyo sababu wenye makundi makubwa huyateremsha kwenye bonde la Ziwa Rukwa, ambako majani mabichi hubaki kando ya ziwa.

Sasa tazama mkulima wa mahindi. Rukwa imekuwa ghala la chakula la nchi kwa miaka mingi, na sehemu kubwa ya mashamba yake hulimwa kwa plau ya kukokotwa na maksai. Mvua ya kwanza ikinyesha Novemba, kila mwenye shamba anataka ng'ombe wenye nguvu siku hiyo hiyo. Yaani maksai hutakiwa sana katika mwezi ule ule ambao hali ya mwili wake ni mbaya kuliko miezi yote. Anayeweza kuvuka pengo hilo la miezi minne ndiye anayepata faida, na faida hiyo ni malipo ya kazi.

Tufanye hesabu. Bei hizi ni za mfano tu, kila mmoja aweke za mnada wake. Umenunua madume 10 ya umri wa miaka 3 mwezi Juni, kila moja kilo 250, kwa Sh. 1,000,000. Mchungaji, dawa ya kuogesha, chumvi na pumba hadi Novemba vinagharimu Sh. 150,000 kwa kila ng'ombe. Mtaji wako wote ni Sh. 11,500,000. Ukiwa umewahasi, umewafundisha nira na kuwatunza mwili, ukawauza Sh. 1,400,000 kila mmoja, unapata Sh. 14,000,000. Faida ni Sh. 2,500,000.

Lakini ukiwaacha wajitafutie malisho, wakashuka hadi kilo 210 na hawajui nira, mteja wako anabaki kuwa mchinjaji peke yake. Kwa Sh. 4,000 ya kilo ya ng'ombe hai atakupa Sh. 840,000. Kila ng'ombe amekula Sh. 310,000 za mfukoni mwako, ikiwa umetumia gharama zote ulizopanga.

Hesabu ya vifo ndiyo ambayo wengi hawaiandiki. Katika ng'ombe 10 waliotunzwa vizuri, akifa mmoja faida inashuka hadi Sh. 1,100,000. Wakifa wawili, umeuza 8 kwa Sh. 11,200,000 na una hasara ya Sh. 300,000. Vifo viwili tu. Kwa hiyo anayenunua ng'ombe Ufipa bila kuuliza habari za kupe anacheza kamari.

Ugonjwa wa kuogopwa kuliko mengine ni ndigana kali. Huletwa na kupe, huanza kwa homa na kuvimba tezi chini ya masikio, kisha pumzi hubana. Ng'ombe aliyekulia mahali penye kupe wachache hana kinga, na akihamishiwa penye kupe wengi anaweza kufa wiki chache baadaye, wakati muuzaji amekwisha kula fedha yake. Muulize muuzaji: ng'ombe huyu amekulia juu au bondeni? Alikuwa akiogeshwa kila lini? Wakati wa mvua kuogesha ni kila wiki, wakati wa kiangazi angalau kila wiki mbili. Kiangazi kisikudanganye: kupe wachanga ni wadogo, wengi hawaoni haja ya josho mpaka masikio yajae.

Chanjo ya ndigana kali ipo. Ndama huchomwa mara moja na kupewa dawa ya kumkinga wakati huo huo. Katika mikoa ya kaskazini wafugaji wa Kimaasai wameitumia tangu miaka ya 1990, na ndama mwenye hereni ya chanjo hiyo huuzwa kwa bei nzuri kuliko mwenzake. Mwekezaji mdogo wa Rukwa angefaa kuitafuta kwa afisa mifugo wake.

Homa ya mapafu nayo haina haraka. Iliingia tena nchini mwaka 1990 kupitia mipaka ya kaskazini, ikasambaa kwa ng'ombe waliosafirishwa. Ng'ombe mwenye ugonjwa huu anaweza kuonekana mzima kwa wiki nyingi. Usichanganye ng'ombe wapya na wa zamani siku ya kwanza, watenge. Kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo iliyozinduliwa Bariadi mwezi Juni 2025 iliweka mchango wa mfugaji kuwa Sh. 500 kwa ng'ombe kwa chanjo ya ugonjwa huu, pamoja na kuvikwa hereni ya utambuzi. Sh. 500 ukilinganisha na Sh. 1,150,000 uliyoweka kwa ng'ombe mmoja! Mnunuzi makini ataanza kudai hereni hiyo kabla ya kutoa fedha.

Kwa wanachama wafugaji wanaozalisha wenyewe, majira yana ukumbusho wake. Mimba ya ng'ombe ni siku 283 hivi. Dume likiingizwa kundini katikati ya Februari na kutolewa Aprili, ndama watazaliwa kati ya mwisho wa Novemba na Januari, majani yakiwa mabichi na mama ana maziwa. Dume likizurura mwaka mzima, utapata ndama wa Agosti, na huyo mara nyingi ni wa kuzikwa. Dume libadilishwe kabla binti zake hawajafikia kupandwa. Kwa ng'ombe wetu wa asili hiyo ni karibu miaka 3. Kuhasi kufanyike Juni na Julai, nzi wakiwa wachache.

Mabua ya mahindi yakusanywe mara baada ya mavuno. Desturi ya kuachia shamba lililovunwa liliwe na ng'ombe wa kila mtu ni ya ujirani mwema, lakini haikupi chakula cha Septemba. Mwenye kufunga mabua yake juu ya kichanja, akaongeza chumvi na mashudu kidogo ya alizeti, ndiye mwenye maksai wa kusimama Novemba. Minyoo itibiwe mvua zinapokaribia na tena zinapokwisha.

Jicho la mwisho liwe kwenye mahindi. Mkulima wa Ufipa huweka akiba yake kwa ng'ombe, hivyo soko la mahindi likiharibika, ng'ombe hutoka zizini. Mwaka 2017 serikali ilipozuia kuuza mahindi nje, bei ya zao hilo ilianguka katika mikoa ya nyanda za juu kusini, na aliyehitaji mbolea au ada ya shule alilazimika kutafuta kitu kingine cha kuuza. Kabla ya kwenda mnadani, pita kwanza soko la nafaka, uulize pia kama Wakala wa Hifadhi ya Chakula, wenye kanda yao Sumbawanga, wanapokea na kulipa. Wakichelewa, tegemea ng'ombe wengi na bei laini.

Wanaosafirisha kwa lori kupitia Tunduma wahakikishe kibali cha afisa mifugo kimepatikana kabla ya kupakia. Ng'ombe wanaosubiri karatasi juu ya lori wanapungua kilo kila saa, na kilo hizo ni zako.