Huo Uzi Ndio Mume Wako?



Baada ya semina moja ya wenzi wa ndoa, mama mmoja alinivuta kando. Nilidhani ataniuliza habari za fedha au za wakwe, maana hayo ndiyo maswali ya kila mara. Badala yake akaniuliza kama ni makosa mke kufuma wakati mumewe yumo nyumbani. Mumewe alikuwa amemwambia mbele ya watoto, "Siku hizi huo uzi ndio mume wako." Nilitaka kucheka. Lakini nilipomtazama niliona kwamba maneno hayo yalikuwa yamemchoma, nikanyamaza.

Sikumjibu vizuri siku ile. Najaribu kumjibu leo, na kumjibu mumewe pia, kwa sababu nami niliwahi kusimama mahali alipo.

Tuitazame siku ya mama mwenye shughuli nyingi. Anaamka saa kumi na moja alfajiri, anatayarisha chai na sare za watoto, anakimbilia matatu. Anashinda kazini, sokoni au shambani. Saa kumi na mbili jioni anarudi, na jiko linamngoja. Jumamosi ni ya kufua nguo, kisha kuna mkutano wa Jumuiya Ndogo Ndogo. Jumapili ni Misa, na baada ya Misa kuna harambee au mgonjwa wa kutembelewa. Anapumzika saa ngapi? Baba ana mapumziko yake yanayojulikana: anasoma gazeti, anasikiliza taarifa ya habari, anatazama mpira, wala hakuna anayemwuliza anafanya nini. Mama akikaa vivyo hivyo, mikono mitupu, mtu atamletea kifungo cha kushona au mtoto wa kubeba.

Nadhani ndiyo sababu wanawake wengi wamependa kufuma. Mikono inaonekana iko kazini, kumbe mwenyewe anapumzika. Hata yeye haoni haya kukaa chini.

Na ni mapumziko ya kweli. Kufuma, ukikutazama sana, ni mambo mawili tu: kitanzi cha mbele na kitanzi cha nyuma, ukivipanga namna hii na namna ile. Vidole vikishazoea, vinakwenda vyenyewe, na mawazo yaliyokuwa yakigongana tangu asubuhi yanatulia. Mwaka 2013 jarida moja la Uingereza lilichapisha utafiti uliowauliza wafumaji 3,545 wa nchi mbalimbali. Waliofuma mara nyingi ndio waliosema zaidi kwamba hujisikia watulivu na wenye furaha. Ni kweli kwamba walioulizwa ni watu wapendao kufuma, na anayependa kitu atakisifu. Hata hivyo, muulize mke wako, naye atakuambia kama wanasema uongo.

Sasa nieleze yangu. Mke wangu alijifunza kufuma akiwa msichana, kwa sindano zilizotengenezwa kwa spoki za baiskeli, kama wengi wa rika lake. Tulipooana alikuwa akifuma watoto wakishalala, redio ikiwa imewashwa kwa sauti ya chini. Kila mtoto wetu alivaa sweta yake ya kwanza kutoka mikononi mwa mama yake. Katika miaka ya 1990, wafanyakazi wengi walipokuwa wakipunguzwa, nami nilipunguzwa. Nilikaa nyumbani miezi kumi na mmoja. Mwanamume asiye na kazi huhesabu kila kitu kilichomo nyumbani, na mimi nilizihesabu zile sindano. Nikamwambia, "Mama watoto, badala ya kufuma bure, kwa nini usiuze?"

Halikuwa wazo baya, naye alikubali. Nilizunguka mwenyewe nikatafuta wateja wa sweta za watoto na kofia za wachanga. Nikanunua daftari, nikaandika oda. Kila jioni nilimwuliza, "Umefika wapi?" kama msimamizi wa kiwanda. Sikujua hesabu ya kazi yenyewe. Sweta ya mtu mzima ina vitanzi maelfu kwa maelfu, na kwa mtu mwenye jioni tu ni kazi ya wiki nyingi. Sokoni, sweta ya mitumba iliuzwa kwa bei ambayo haikutosha hata kununua uzi, na sare za shule zilikuwa zikifumwa kwa mashine. Tuliuza sweta sita. Ya saba hakuimaliza. Alizifunga sindano ndani ya kitambaa, akaziweka chini ya kitanda, wala hakusema neno.

Nilipopata kazi tena nilitarajia atazitoa. Hakuzitoa kwa miaka minne. Siku nilipomwuliza sababu, alinijibu, "Baba watoto, kile kilikuwa kitu changu kimoja ambacho hakuna mtu aliyekuwa akinidai."

Msinielewe vibaya. Wako akina mama waliolipa karo kwa sindano, nami nawavulia kofia. Kosa langu halikuwa kuuza. Kosa langu ni kwamba niliona mahali pekee ambapo mke wangu alikuwa akipumua, nikapafanya ofisi yangu. Kama nyumba inahitaji fedha, kaeni chini mzungumze, na mke awe na uhuru wa kusema, "Nitafanya kazi nyingine, lakini hii niachie."

Wanaume kuwa na neno na sindano za wanawake si jambo la leo. Mashine ya kwanza ya kufuma soksi ilibuniwa mwaka 1589 na Mwingereza William Lee, anayetajwa kuwa kasisi wa Kianglikana huko Calverton, karibu na Nottingham. Kuna masimulizi mawili juu yake. La kwanza lasema alikuwa akimchumbia msichana ambaye kila alipotembelewa aliinamia kufuma kwake, hata Lee akaona wivu, akaazimia kutengeneza chombo cha kuishinda mikono ile. La pili lasema alikuwa ameoa tayari, akamhurumia mkewe aliyefuma mchana na usiku ili wapate chakula. Hakuna awezaye kuthibitisha lolote kati ya hayo mawili. Mimi huwasimulia akina baba yote mawili kwa pamoja, kisha nawaacha wajitambue wenyewe.

Kuna picha ambayo ningependa kila mume aliyewahi kusema kama yule baba aione. Yapata mwaka 1400 mchoraji Mjerumani, Master Bertram, alimchora Bikira Maria akifuma. Picha hiyo imo Hamburg. Maria ameketi, ana sindano zaidi ya mbili, anafuma kanzu ndogo ya mviringo isiyo na mshono, na Mtoto Yesu yuko karibu naye. Mchoraji angeweza kumpa kitabu au ua. Alimpa uzi.

Akina mama nao wana lao la kusikia. Uzi waweza kuwa ukuta. Mume anaingia na maneno mazito moyoni, labda ameitwa na mkubwa wake kazini, nawe unajibu "mhm" huku unahesabu vitanzi. Akirudia mara tatu, ya nne atayapeleka kwingine. Mimi na mke wangu tuliafikiana hivi: yeye akisema "nimalizie safu," mimi nangoja, kwa kuwa safu moja ni dakika mbili au tatu, na nikimkatiza katikati atapoteza hesabu. Safu ikiisha, sindano zinawekwa chini na tunatazamana. Tangu hapo hatujagombana kwa jambo hili zaidi ya mara mbili. Pia fedha za uzi zijulikane. Uzi unaonunuliwa kwa siri na kufichwa nyuma ya sufuria huleta maneno kuliko bei yake.

Wengi husema hawana wakati. Saa nzima hutaipata, usiitafute. Kufuma kunafaa watu wa dakika kumi na tano. Kazi huingia mkobani, huhitaji stima, na ukiitwa ghafla huharibu kitu. Foleni ya zahanati, matatu iliyokwama barabarani, kungoja maharagwe yaive, hizo zote ni nafasi. Kwa anayeanza, naonelea afume kitambaa cha shingo kwa kitanzi cha mbele peke yake, kwenda na kurudi. Chukua sindano za milimita 4, zile ambazo zamani tuliziita namba 8, na uzi wa unene wa kati, gramu 150. Anza na vitanzi 40, utapata upana wa kama sentimita 18. Ukifuma dakika ishirini kwa siku utaongeza takriban sentimita moja na nusu, na kitambaa cha sentimita 120 kitakuchukua siku themanini. Ukianza Mei, kitachelewa baridi ya Julai kidogo, lakini Limuru na Kinangop hata Agosti utakishukuru. Usikaze uzi sana. Mwanzoni kila mtu hukaza, ndipo vidole vinauma na sindano haipiti.

Najua hesabu hizi kwa sababu nilizipitia. Baada ya ile miaka minne nilimwomba mke wangu anifundishe. Alidhani namdhihaki. Nilipozitoa zile sindano mwenyewe chini ya kitanda, akakubali. Ndugu zangu waliponikuta walicheka, nami nikawaeleza habari za kisiwa cha Taquile katika Ziwa Titicaca, nchini Peru, ambako wafumaji wa kofia ni wanaume. Wavulana hujifunza wangali wadogo, na rangi za kofia huonyesha nani ameoa na nani bado. Ufundi wa nguo wa watu wale ulitambuliwa na UNESCO mwaka 2005. Ndugu zangu hawakuvutiwa sana na UNESCO. Kitambaa changu kilikuwa kipana huku na chembamba kule, na mke wangu alikivaa kwenda Misa.

Alipokuwa akinirekebisha vitanzi vilivyoanguka, sindano zilirudi mikononi mwake bila mimi kusema lolote. Ile sweta ya saba ilikuwa ya mtoto wa miaka mitano. Mwenye oda alikuwa amekwisha kuwa kijana mkubwa. Aliifumua yote, akauosha uzi, akaanza kitu kingine. Sikumwuliza ni nini.

Jioni moja juma hili, watoto wakishalala, jaribuni kuulizana maswali haya. Mke amwulize mume: ninapofuma, huwa unahisi nini, na umewahi kuniambia? Mume amwulize mke: ni kitu gani chako ambacho nimekigeuza kuwa deni? Kisha wote wawili: katika nyumba yetu, ni nani anayeweza kukaa nusu saa bila kuitwa? Ajibu kwanza yule anayeitwa mara nyingi zaidi, na mwenzake asimkatize mpaka amalize safu yake.