Ukumbi Unaomeza Maneno

Wazazi kadhaa wameshauri tununue vipaza sauti vikubwa zaidi kwa ukumbi wetu. Mimi nafundisha fizikia, nami nawaomba wasubiri. Ukuta wa saruji huirudisha sauti karibu yote. Neno la kwanza halijanyamaza, la pili limekwisha fika, na mwanafunzi aliye nyuma hupata mvumo tu. Ukiongeza sauti, mvumo nao huongezeka.

Aliyelipima jambo hili ni Wallace Sabine, mwalimu kijana wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Mwaka 1895 alipewa kazi ya kutengeneza chumba kipya cha mihadhara ambamo maneno hayakusikika vema. Usiku, mji ukiwa kimya, alipiga bomba la kinanda, akalinyamazisha, akapima: sauti ilidumu zaidi ya sekunde 5! Akaleta matakia ya viti vya ukumbi mwingine, akayaongeza kidogo kidogo, hata ikashuka kufikia sekunde 1 na kidogo.

Kipimo chake kilikuwa dirisha lililo wazi, kwani sauti ikitoka nje hairudi. Zidisha mita za ujazo za chumba kwa 0.161, kisha gawanya kwa mita za mraba za dirisha wazi, au vitu vinywavyo sauti sawa nalo. Ukumbi wa mita 1,000 za ujazo, ambamo sauti hudumu sekunde 4, ukifunguliwa madirisha ya mita 20 za mraba, hubaki na sekunde 2.7 hivi. Bila senti moja!

Nguo nzito na watu hunywa sauti pia. Trei za mayai, wazipendazo vijana, hazisaidii sana. Muhula ujao Kidato cha Tatu tutapima kwa magodoro ya bweni.